Kamera Iliyosafiri na Wahanga wa Kisangani



Katika kambi nyingi za watu waliohama makwao, watu wamezoea kuona gari likifika, mgeni akishuka na kamera, akiuliza maswali mawili matatu, akipiga picha za watoto, halafu akiondoka. Mara nyingi harudi mtu kueleza picha zile zilienda wapi. Ndiyo maana wazazi na viongozi wengi huuliza: kusimulia mateso yetu mbele ya kamera kunatuletea faida gani?

Swali hilo ni la haki. Tunataka kulijibu kwa kueleza kazi ya mtu mmoja, Dieudo Hamadi, mtengenezaji wa filamu aliyezaliwa Kisangani. Kwa miaka mingi ameonyesha maisha ya Wakongomani wa kawaida wanaotafuta haki yao. Kazi yake inatufundisha kamera inaweza kufanya nini. Inatufundisha pia kile ambacho kamera haiwezi kufanya, na ni vema jambo hilo lijulikane mapema, ili mtu asije akavunjika moyo.

Mtoto wa Kisangani

Dieudo Hamadi alizaliwa mwaka 1984. Kwanza alisomea udaktari. Baadaye aliacha njia hiyo akajifunza kutengeneza filamu kwa kupitia mafunzo mbalimbali, yakiwemo ya kupanga na kuunganisha picha. Hakuanza na vyombo vikubwa wala watu wengi. Hata alipojulikana nje ya nchi, aliendelea mara nyingi kushika kamera yeye mwenyewe na kuwafuata watu kwa miguu, sokoni, shuleni, barabarani na ndani ya nyumba zao.

Filamu anazotengeneza huitwa filamu za hali halisi. Hakuna waigizaji wanaojifanya kuwa watu wengine. Wanaoonekana ni watu wenyewe, kwa majina yao na kwa maneno yao. Lakini hata katika filamu za aina hiyo kuna njia nyingi. Wengine huweka sauti ya mtu anayeeleza kila kitu toka mwanzo hadi mwisho, au huita wataalamu waseme kwa niaba ya wenye shida. Hamadi hafanyi hivyo. Anakaa na watu muda mrefu, anaacha wazungumze, wabishane, wacheke, wakasirike, na mtazamaji anaelewa mambo kwa kuwaona na kuwasikia wao.

Njia hiyo ina maana kwetu. Mtu akisemewa kila siku na wengine, mwishowe watu humwona kama mtu asiye na akili wala mipango. Akionekana akipanga, akikataa, akiuliza maswali, heshima yake inabaki.

Kazi alizofanya

Mwaka 2010 Hamadi alijulikana kwa filamu fupi iitwayo Dames en attente, aliyoitengeneza pamoja na Divita Wa Lusala. Inaonyesha kina mama wa Kinshasa waliojifungua salama lakini wakazuiliwa hospitalini kwa sababu hawana pesa za kulipa. Msomaji wa Congo anaijua hali hiyo. Mwaka huo huo alitoa Zéro tolérance, filamu inayohusu ubakaji mashariki mwa nchi na kazi ya afisa wa polisi, Mama Honorine Munyole, aliyekuwa akipeleleza kesi hizo Bukavu.

Filamu yake Atalaku ya mwaka 2013 inahusu uchaguzi wa mwaka 2011. Inamfuata mchungaji mmoja wa Kinshasa anayegeuka kuwa mpiga debe wa mgombea anayelipa. Mwaka 2014 alitoa Examen d'État, juu ya wanafunzi wa Kisangani waliofukuzwa shuleni kwa kukosa pesa ambazo wazazi huwaongezea walimu. Wanafunzi hao walikodi nyumba, wakakaa pamoja wakijiandaa wenyewe kwa mtihani wa serikali. Filamu haifichi kwamba baadhi yao walitafuta pia njia za mkato. Hilo nalo ni la kuzingatia: mtu anaweza kuonewa na bado akawa na makosa yake. Anayetetea haki halazimiki kuwafanya wanaoonewa waonekane malaika.

Mwaka 2017 ilikuja Maman Colonelle. Hapa tunamwona tena Mama Honorine, sasa akiwa kanali wa polisi, akihamishwa kutoka Bukavu kwenda Kisangani kuongoza kikosi kinacholinda watoto na kupambana na ubakaji. Kule anakuta watoto walioitwa wachawi na kuteswa na watu wa nyumbani mwao. Anakuta pia wanawake waliobakwa au kufiwa na waume zao wakati wa vita vya mwaka 2000, ambao walikuwa wangali wakingoja msaada. Kikosi chake hakikuwa na pesa za kuwatunza. Basi aliwaendea wananchi wenyewe akiwaomba wachangie ndugu zao. Filamu hiyo ilionyeshwa katika tamasha la Berlin na kupata tuzo. Mwaka 2018 ilifuata Kinshasa Makambo, juu ya vijana watatu waliodai uchaguzi ufanyike kwa wakati.

Ukiziangalia filamu hizi kwa pamoja, utaona zinafanana kwa jambo moja. Katika kila moja kuna watu walioahidiwa kitu na sheria, iwe matibabu, shule, ulinzi au kura, wakakikosa, nao hawakubali kunyamaza. Hamadi hakuhitaji kwenda mbali kuwatafuta. Wengine walikuwa jirani zake wa mji mmoja.

Vita vya Siku Sita

Ili kuelewa filamu yake inayojulikana zaidi, inabidi tukumbuke yaliyotokea Kisangani. Toka tarehe 5 hadi 10 Juni 2000, jeshi la Uganda na jeshi la Rwanda, ambayo hapo awali yalikuwa upande mmoja, yalipigana katikati ya mji huo. Ilikuwa mara ya tatu kupambana hapo, baada ya mapigano ya Agosti 1999 na ya Mei 2000. Maelfu ya makombora yalianguka katika mitaa ya watu wasio na silaha.

Ripoti ya Umoja wa Mataifa iliyotolewa mwaka 2010 juu ya maovu yaliyotendeka Congo toka 1993 hadi 2003 inasema kwamba raia waliouawa katika siku hizo sita walikuwa kati ya 244 na 760, kufuatana na chanzo cha habari. Zaidi ya watu 1,000 walijeruhiwa na maelfu walikimbia. Nyumba zaidi ya 400 ziliharibiwa. Kanisa kuu la Notre-Dame, shule na hospitali nazo zilipigwa.

Siku chache tu baadaye, tarehe 16 Juni 2000, Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa lilitoa azimio namba 1304, likisema kwamba serikali za Uganda na Rwanda zinapaswa kufidia vifo na mali zilizoharibiwa Kisangani. Neno liliandikwa, lakini miaka ikapita. Watu waliokatwa miguu na mikono waliendelea kuishi kwa kuomba au kwa msaada wa jamaa. Wengine waliwazomea, wakisema wanapenda kulalamika tu. Wahenga walisema: mwenye kovu usidhani kapoa.

Wahanga waliunda chama chao, wakafanya mikutano, wakatunza majina, wakaendelea kudai. Alipokuwa akitengeneza Maman Colonelle, Hamadi alikutana na watu hao. Yeye alikuwa kijana wa miaka 16 vita hivyo vilipotokea katika mji alikozaliwa.

Safari ya kwenda Kinshasa

Mwaka 2018 chama cha wahanga kiliamua kutuma wajumbe Kinshasa, waende wenyewe kuwauliza wakubwa: fidia yetu iko wapi? Wajumbe hao walikuwa watu wenye ulemavu, wakitembea kwa magongo na kwa miguu ya bandia iliyo mizito na isiyowatosha vizuri. Safari ya mtoni toka Kisangani hadi Kinshasa ni zaidi ya kilometa 1,700. Walipanda chombo cha mizigo kilichojaa watu na bidhaa, wakalala chini ya maturubai, wakapigwa na mvua na upepo. Hamadi alisafiri nao.

Walipofika Kinshasa, nchi ilikuwa inashughulika na uchaguzi wa Desemba 2018. Walizuiwa kwenye lango la Bunge. Wajumbe waliowachagua hawakuwapokea kama walivyotumaini. Walisimama nje na mabango yao, hata mvua ikinyesha. Filamu iitwayo En route pour le milliard, maana yake njiani kuelekea bilioni, inaonyesha mambo hayo yote. Bilioni hiyo ni dola ambazo watu wa Kisangani walikuwa wakisikia kwamba zinadaiwa.

Ndani ya filamu kuna pia mchezo wa kuigiza ambao wahanga wenyewe wanaucheza jukwaani, wakisimulia yaliyowapata. Kwa hiyo hawakuwa watu wa kutazamwa tu. Walikuwa na njia yao ya kusema hata kabla ya kamera kufika.

Mwaka 2020 filamu hiyo ilichaguliwa katika orodha rasmi ya tamasha la Cannes, nchini Ufaransa, ikiwa filamu ya kwanza ya Congo kufika hapo. Mwaka huo tamasha lenyewe halikufanyika kama kawaida kwa sababu ya ugonjwa wa Corona. Filamu ilionyeshwa katika nchi nyingine na kupata tuzo, na watu wa mbali ambao hawakuwahi kusikia jina la Kisangani walijua kilichotokea huko mwaka 2000.

Kamera haiamui kesi

Hapa inatubidi tuseme ukweli. Wale waliosafiri hawakurudi nyumbani na fidia mkononi. Filamu haikuwalipa, na haikuwa kazi yake kulipa. Njia ya kesi ilikuwa nyingine, nayo ilikuwa ndefu.

Serikali ya Congo iliishtaki Uganda mbele ya Mahakama ya Kimataifa ya Haki, La Haye, mwaka 1999. Tarehe 19 Desemba 2005 Mahakama ilisema kwamba Uganda ilivunja sheria ya mataifa na kwamba inapaswa kulipa fidia. Nchi hizo mbili ziliachiwa zipatane juu ya kiasi. Hazikupatana, na mwaka 2015 Congo ilirudi mahakamani. Hatimaye, tarehe 9 Februari 2022, Mahakama ilipanga kiasi cha dola milioni 325: milioni 225 kwa madhara waliyopata watu, milioni 40 kwa mali zilizoharibiwa, na milioni 60 kwa utajiri wa asili uliochukuliwa. Uganda iliagizwa kulipa dola milioni 65 kila mwaka kwa miaka mitano, kuanzia Septemba 2022, na mwaka huo ilitoa malipo ya kwanza. Kuhusu Rwanda, Mahakama ilisema mwaka 2006 kwamba haina uwezo wa kuisikiliza kesi ile.

Congo ilikuwa imeomba zaidi ya dola bilioni 11. Kwa nini Mahakama ilitoa kiasi kidogo hivyo? Sababu moja kubwa ni ushahidi. Congo ilipeleka fomu za wahanga, lakini nyingi hazikuwa na karatasi za kuthibitisha yaliyoandikwa ndani. Mahakama ikapanga kiasi cha jumla kwa kukadiria, bila kuhesabu madhara ya kila mtu mmoja mmoja. Hili ni somo zito kwa kila familia iliyopoteza mtu au mali. Machozi yetu ni ya kweli, lakini mahakama huuliza: nani, lini, wapi, na nani aliona?

Serikali ya Congo iliunda mfuko maalum, FRIVAO, wa kugawa fidia hiyo kwa wahanga. Hata hapo kazi haikwisha. Wahanga wamelalamika hadharani juu ya orodha za majina, ucheleweshaji na namna pesa zilivyosimamiwa. Chama kilichozoea kudai ndicho kinachoweza kufuatilia mambo ya namna hiyo.

Basi filamu ilifanya nini? Iliwafanya watu hao waonekane na kusikika mahali ambapo wao wenyewe walizuiwa mlangoni. Iliweka kumbukumbu ya sura, sauti na madai yao, ili asitokee mtu wa kusema kwamba hawakuwahi kuwapo. Na iliwaonyesha wahanga wengine wa nchi yetu kwamba watu wanyonge wakiungana wanaweza kuupeleka mlango wa mkubwa swali lao. Hayo si madogo. Lakini yaliwezekana kwa sababu mambo mawili yalikutana: mwenye kamera aliyekaa na watu kwa uvumilivu, na watu waliokuwa wamekwisha kujipanga.

Mwenye kamera akifika kwenu

Kutokana na mfano huu, tunapenda kuwashauri viongozi wa kambi, machifu, wakuu wa vikundi vya kina mama na vijana, na familia zinazopokea wageni. Mtu akija na kamera, msimfukuze, wala msimkubali bila kuuliza. Muulizeni kwa heshima:

1. Wewe ni nani, na kazi hii umetumwa na nani?
2. Picha zitaonyeshwa wapi? Je, zinaweza kufika machoni pa watu waliotufukuza?
3. Utakaa nasi kwa muda gani? Utasikiliza nani mwingine?
4. Mtu akibadili mawazo kesho, je, utaondoa picha yake?
5. Utarudi vipi kutuonyesha kazi ikiisha?

Kuna watu wanaohitaji ulinzi wa pekee. Mwanamke au mwanaume aliyebakwa, mtoto aliyetoka katika kikosi cha silaha, shahidi wa mauaji: hao wasionyeshwe uso, wasitajwe jina wala kijiji, isipokuwa mtu mzima mwenyewe ameelewa hatari na kukubali kwa hiari. Mtoto hawezi kuamua peke yake. Mzazi au mlezi aulizwe, na hata mzazi akikubali, tuangalie kwanza faida ya mtoto. Tena, chakula au msaada usiwe bei ya ushuhuda. Anayekataa kusema asinyimwe kitu, wala asitazamwe vibaya.

Jambo la mwisho ni hili: msingoje kamera. Anzeni kutunza kumbukumbu yenu sasa. Katika daftari, andikeni jina la aliyekufa au aliyepotea, tarehe, mahali, yaliyotokea, na majina ya walioona. Tunzeni karatasi za hospitali, vyeti vya kuzaliwa na vya kifo, hati za shamba au nyumba, na picha za zamani. Fanyeni nakala, na moja iwekwe mbali na kambi kwa mtu au shirika mnaloliamini, kwa maana kambi huungua na watu hukimbia tena. Orodha hizo zisizungushwe ovyo, kwa sababu zinaweza kuwaletea watu hatari.

Daftari kama hilo halitaonyeshwa Cannes. Lakini siku mahakama, tume au serikali itakapouliza nani alipatwa na nini, ninyi mtakuwa na jibu.

Maswali ya kujadiliana katika kikundi

1. Je, kuna mtu aliyewahi kuja kurekodi ushuhuda katika kambi au mtaa wetu? Tulipata kuona kazi yake?
2. Wahanga wa Kisangani waliunda chama kabla ya kusafiri. Sisi tuna chama au kamati ya namna hiyo? Walemavu, wajane na vijana wana nafasi ndani yake?
3. Ni habari gani za familia zetu ambazo hazijaandikwa mpaka sasa? Nani anajua kuandika vizuri na anaaminiwa na wote, aweze kuanza kazi hiyo wiki hii?
4. Katika filamu zake, Hamadi anaonyesha pia makosa ya wanaoonewa. Je, sisi tuko tayari kusema ukweli hata juu ya watu wa upande wetu? Jambo hilo linasaidia vipi upatanisho?